Siku Niliyoenda kwa Wakwe Mkono Umeganda Shavuni

Kuna aibu mtu anaweza kuizika ikakaa huko chini kimya, na kuna nyingine ambayo ukiizika watu wa Embu wanaifukua kila Krismasi, kwa hiyo nimeona afadhali niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine ikiwa imeongezwa chumvi (na haihitaji chumvi, niaminini). Mimi, Murithi, mtu mzima mwenye kitambulisho, nilifika nyumbani kwa wazazi wa mchumba wangu kwa mara ya kwanza nikiwa nimejigandisha mkono kwenye shavu kwa supaglu. Chekeni sasa mmalize, halafu niendelee.

Mmemaliza? Haya.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Majengo, pale Meru mjini, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio na simu kwenye kibanda huko upande wa Kinoru. Sasa mtu wa kutengeneza simu anaangaliwa vidole siku nzima, na vidole vyangu vya mkono wa kulia vilikuwa na chunjua tatu, ngumu, zimekaa juu ya viungo kama zimepanga foleni. Wateja walikuwa wakipokea simu zao kwa ncha za kucha. Nikaenda kwa kemisti, nikampata mama mmoja mwenye miwani ambaye alinieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu: loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu, sugua ile ngozi ngumu taratibu kwa kijiwe chako mwenyewe, usimwazime mtu, paka dawa tone moja juu ya chunjua peke yake, funga plasta, na uwe na subira kwa sababu itachukua wiki nyingi.

"Na ni ya mikono na miguu tu," akasema, akishusha miwani. "Usoni hapana. Umenisikia? Usoni hapana."

"Nimesikia," nikasema, na kweli nilikuwa nimesikia. Kusikia hakujawahi kuwa shida yangu.

Nikafanya alivyosema, wiki ya kwanza hakuna kitu, ya nne hakuna kitu, nikaanza kumtukana yule mama moyoni, halafu kama wiki ya tisa nikaamka nikakuta chunjua ya kwanza imelainika, na baada ya siku chache zote tatu zikawa zimeisha, ngozi safi. Shida ilianzia hapo. Mtu akishinda mara moja anajiona daktari. Nikaanza kujitazama kwenye kioo nikitafuta adui mwingine, na adui alikuwepo, hapa chini ya sikio la kulia, kwenye taya, kinyama laini kama punje ya mchele ambacho nilikuwa nacho tangu shule ya upili, hakiumi, hakiwashi, hakijawahi kumwomba mtu chakula.

Lakini kulikuwa na safari. Mchumba wangu Wawira (ambaye sasa ni mama wa watoto wangu, kwa hiyo mnajua niliponea) alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba watu wa Meru wanakuja kujitambulisha. Baba yake, Mzee Ireri, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuangalia kola ya shati kabla hajaangalia uso. Nikajiambia, siwezi kwenda kusimama mbele ya mwalimu mkuu na kitu kinachoning'inia usoni. Nikaanza kupaka ile dawa ya vidole.

Jirani yangu, Bi Zuhura, mama wa Kiswahili hasa aliyekuwa akiuza mahamri mlangoni pake, aliniona nikijipaka pale nje penye mwanga. "Mwanangu," akasema, "hicho kinyama kimekukosea nini?"

"Naenda kwa wakwe, Bi Zuhura."

"Basi nenda nacho, nacho kiwajue wakwe."

Sikumsikiliza. Siku tatu nikapaka, ngozi ikawa nyekundu na inawaka kama pilipili, nami nikachukulia huko kuwaka ni dalili nzuri.

Asubuhi ya safari mama yangu na anko Baariu walikuwa njiani kutoka Muthara na gari la kukodi, Proboksi. (Baba yangu alishafariki, kwa hiyo anko ndiye aliyekuwa mzee wetu wa kusema, na anko anapenda kusema.) Nikaoga, nikavaa, nikatazama kiatu changu kizuri nikakuta soli imeachama mbele kama mdomo wa kambare. Nikachukua supaglu ya kazini, ile ya kichupa kidogo cheupe, nikabandika soli, nikakiweka kichupa dirishani. Na dirishani, mnajua tayari, kulikuwa na kichupa kingine kidogo cheupe.

Wawira akapiga simu. Nikaishika kwa mkono wa kushoto, sikio la kushoto, anaeleza jinsi shosho yake, yaani bibi yake, ameamka mapema kuliko kuku na jinsi nisije nikasahau kuvua kofia, mimi naitikia ehe, ehe, na huku nikaona wacha nitumie muda vizuri, nipake dawa mara ya mwisho. Nikanyoosha mkono dirishani bila kuangalia, nikadondosha tone, likawa kubwa kidogo, likateremka kwenye taya, na kwa kuwa plasta zilikuwa zimeniishia nikabonyeza kwa vidole viwili na kipande cha kiganja, nikaanza kuhesabu hadi sitini kama nilivyozoea.

Nilipofika ishirini nikasikia harufu. Hiyo harufu naijua, ni ya kazini kwangu.

"Murithi? Uko?"

"Ngoja kidogo," nikasema, nikakata simu.

Nikavuta kidole. Shavu likafuata. Nikavuta tena polepole, shavu likafuata polepole. Nikavuta kwa nguvu na nikaona nyota, mchana. Kwenye kioo kulikuwa na mtu aliyevaa tai, ameweka mkono shavuni, macho yamemtoka kama mbuzi aliyeingia kanisani. Kabla sijafikiria la kufanya, honi ikalia nje, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mmoja mdogo ulioniua: badala ya kumwambia mama yangu ukweli, tucheke, twende hospitali dakika kumi, nikatoka nje.

Anko Baariu akachungulia dirishani. "Wewe, unaongea na nani saa hii? Mwambie utampigia!"

"Siongei na simu, anko."

"Sasa huo mkono?"

"Jino," nikasema.

Neno moja. Lilitoka lenyewe, na likitoka huwezi kulirudisha, kwa sababu mama yangu papo hapo alishikwa na huruma, akanipisha kiti cha mbele, akaanza kutafuta karafuu kwenye kiondo.

Barabara ya kutoka Meru hadi Embu inazunguka mlima na kona zake hazihesabiki, na kila kona nilikuwa siwezi kujishikilia kwa mkono wa kulia, naangukia dereva, dereva anasema pole kijana, meno ni mabaya. Nkubu wakasimamisha gari wakaninunulia dawa za maumivu, nikazimeza, nitafanyaje. Chuka anko akaanza kurudia hotuba yake kwa sauti. Mimi nilikuwa naomba joto tu, nikijiambia jasho litalegeza gundi. Jasho lilikuja. Gundi haikulijali.

Tukiwa tumebakisha kidogo tufike Runyenjes, mama yangu akaniuliza kwa Kimeru, taratibu, "Murithi, hilo jino liko upande gani?"

"Wa kulia, mama."

"Mbona unatafuna karafuu upande wa kushoto?"

Nikahamisha karafuu. Hakusema lingine, lakini mama akinyamaza hivyo ni kama amepiga muhuri.

Nyumbani kwa kina Wawira ni mlimani kidogo, kahawa mbele, makadamia nyuma, ua umefagiliwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Wamama walitupokea langoni na wimbo, na wimbo ulipoisha Mzee Ireri akasogea, mrefu, koti la kijivu, akaninyooshea mkono wa kulia. Mimi nikampa wa kushoto.

Aliuangalia ule mkono wangu wa kushoto vile mwalimu anavyoangalia jibu la mwanafunzi ambaye hata swali hakusoma. Ndege walikuwa wanaimba, nakumbuka. Anko akaruka katikati: "Jino, mzee! Kijana amekesha na jino!" Mzee Ireri akaushika mkono wangu kwa vidole vitatu, akauachilia.

Wawira alinipitia karibu akibeba viti. "Jino gani?" akaninong'oneza. "Asubuhi hukuwa na jino."

"Lilianza ghafla."

"Murithi."

"Ghafla sana."

Tukaketi. Mbele yangu akaketishwa shosho yake Wawira, mdogo kama kifaranga, kitambaa cheupe kichwani, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ile nyumba, hata Mzee Ireri alikuwa akimwogopa. Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri na anayedhani wengine pia hawasikii:

"Huyu mtoto ameshika tama kwa nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shosho, ni jino!" Wawira akamwambia sikioni.

"Hataki?"

"Anataka!"

"Mtu anayetaka hashiki tama kwa watu. Mimi nimeolewa, nimeona. Bwana yangu alikuja anacheka."

Watu wakacheka kidogo, ile ya adabu, lakini nikaona mashangazi wawili wakitazamana, na nikamwona Mzee Ireri akiweka mikono kifuani, nikajua jambo limeharibika. Kwetu na kwao pia, mtu kuketi ameegemeza shavu kwenye mkono ni kilio, ni majuto, na kwenye sherehe ni kisirani kabisa. Na mimi nilikuwa naketi hivyo mbele ya ukoo mzima, siwezi kuacha hata nikitaka, na kadiri nilivyojaribu kutabasamu ndivyo shavu lilivyovutwa na vidole, likawa tabasamu la upande mmoja, la mtu anayewadharau.

Anko akasimama akahutubia, akasema tumekuja kwa furaha kubwa, akaninyooshea mkono ili watu waione hiyo furaha kubwa. Wakaniona. Akaketi mapema kuliko alivyopanga.

Chakula kikaja. Kuku wa kienyeji, chapati, pilau, mukimo wa mahindi na maboga, na harufu yake jamani! Wakapakuliwa wote, halafu mama yake Wawira akatoka jikoni, mwanamke mpole, mnene kidogo, akapiga goti mbali kabisa nami (kwa sababu mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo, na wazee wengine hata kusalimiana kwa mkono hawakubali) akamwambia Wawira aniwekee kikombe mbele yangu.

"Uji mwororo," akasema. "Wa jino."

Nikanywa uji. Nikanywa uji kwa mkono wa kushoto nikitazama paja la kuku likiingia kinywani mwa anko Baariu, na anko alikuwa akinionea huruma kwa macho huku akitafuna. Nilimwagia kidogo tai.

Sasa ningeishia hapo, nikanywa uji wangu, nikarudi Meru nikiwa nimedharauliwa kidogo tu, lakini Mzee Ireri ni mtu wa kutatua mambo. Akafuta mdomo akasema, "Kijana hawezi kusafiri hivyo. Nimetuma mtu amwite Nyaga."

"Nyaga ni nani?" nikauliza.

"Jirani. Anang'oa meno. Ameng'oa ya watu na ya ng'ombe."

Nikasema jino limepoa. Wakasema hiyo ndiyo dalili mbaya. Nikasema nitaenda hospitali kesho, wakasema kesho ni Jumapili. Nikamwangalia mama yangu aniokoe, naye akakunja mikono kwenye mapaja na kunitazama kama mtu aliyelipia kiti cha mbele. Na Mzee Nyaga akaingia, mzee wa kuchechemea kidogo, gambuti za mpira mguuni, mkononi leso iliyofungwa kitu kizito. Akaifungua juu ya meza, katikati ya mifupa ya kuku. Koleo.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikafungua. (Kwa nini nilifungua? Mpaka leo sijui, mtu akiambiwa fungua mdomo anafungua.) Akachungulia, akageuza kichwa changu kwenye mwanga, akaguna. "Haya ni meno ya farasi. Nionyeshe lenye shida. Toa mkono nione uvimbe."

"Mkono siwezi kutoa, mzee."

"Toa tu, sitakuumiza."

"Siwezi."

Akanishika kifundo cha mkono akavuta, kwa upole, lazima nimtetee, alivuta kwa upole. Mkono ukaja, na shavu likaja, na ngozi ya chini ya jicho ikaja, mdomo ukaenda kando, na watu wote waliokuwa wameketi wakaona uso wa mkwe wao ukivutika kama chapati ambayo haijaiva. Shangazi mmoja akapiga kelele, "Yesu!" Kikombe kikavunjika mahali. Mzee Nyaga akaachilia, shavu likarudi mahali pake kwa mlio, nao mlio huo ulisikika.

"Umeota," shosho akatangaza. "Mkono umeota usoni. Nilisema huyo mtoto ana kitu."

Wengine walishasimama. Anko Baariu alikuwa ameanza kuomba kwa Kimeru, kwa sauti inayopanda. Mzee Ireri amesimama na uso wa jiwe, na Wawira mlangoni ameweka viganja viwili mdomoni, na nikaona machozi yako karibu, na hilo ndilo lililonivunja. Aibu yangu ningeweza kuibeba. Yake, mbele ya watu wake, hapana.

"Ni supaglu!" nikapaza sauti. "Sina jino! Ni supaglu, nilikuwa nataka kutoa hiki kinyama ili nionekane mtanashati, nikakosea kichupa! Nimewadanganya na ninaomba msamaha."

Mnajua kimya cha watu arobaini walioshika sahani? Halafu sauti ikatoka kwa Mzee Ireri, mwanzo nikadhani anakohoa, mabega yanatikisika, akashika kiti, akaketi, akavua miwani, na yule mwalimu mkuu akacheka hadi akalia, akijaribu kusema neno "mtanashati" na kushindwa, na ua wote ukafuata, nikabaki mimi tu nimeketi pale nimeshika tama.

Aliyekuwa hacheki ni mama yake Wawira. Alitoka jikoni akifuta mikono, na hapo ndipo nilipojua (Wawira hakuwahi kunieleza vizuri, au alinieleza nami nikaitikia ehe) kwamba alikuwa nesi miaka mingi kwenye zahanati. "Hakuna mtu wa kuvuta," akasema. "Nyaga, funga koleo lako. Leteni karai, maji ya uvuguvugu, sabuni, na mafuta ya kupikia."

Mashangazi wakatazamana. Akaelewa. Akasimama sekunde moja, akaniangalia, akaniambia, "Leo mimi si mama mkwe, mimi ni nesi. Kesho tutaanza heshima upya."

Na mama mkwe wangu akapiga magoti, akashika kichwa changu akakiinamisha juu ya karai kama mtoto anayeoshwa, mbele ya ukoo, nami nikafumba macho kwa sababu sikujua pa kuyaweka. Alilowesha, akapaka sabuni, akapaka mafuta, akasugua ukingoni kwa kidole, akangoja, akarudia. Hakuharakisha hata kidogo. Wawira alikuwa akishika mpini wa kijiko, akiupitisha chini ya kidole changu kidogo kidogo, akibingirisha, na kila nikiguna ananiambia "nyamaza, mtanashati." Ilichukua karibu saa nzima. Kidole cha kwanza kilipotoka watu walipiga makofi. Cha pili, vigelegele. Kiganja kilipoachia shosho akasema, "Asalimie sasa," nikanyoosha mkono wa kulia, mwekundu, wenye mafuta, nikamsalimu, akaukagua pande zote mbili kabla ya kuurudisha.

Mama mkwe akanigeuza taya kwenye mwanga. "Na hapa ulikuwa umepaka nini siku zote? Ngozi imeungua."

Nikamwambia. Akafunga macho kidogo. "Hii dawa inachoma ngozi. Ya mikononi ni ngumu, inavumilia, ya usoni haivumilii. Na tena hii si chunjua. Ni kinyama tu, hakina ubaya, kikikusumbua mtu wa hospitali anakitoa dakika mbili. Ungekosea kichupa mara ya kwanza ingekuwa afadhali."

Sasa sikieni kilichofuata, maana hakuna mtu wa Meru anayenisadiki. Anko Baariu, mzee wetu wa kusema, mtu aliyekuwa amefunga safari kwa ajili ya heshima, akavua kiatu. Na soksi. Akainua mguu kwenye kiti. "Mama, na hii?"

Chunjua ya kisigino, kongwe. Mama mkwe akaitazama akamwambia aloweke, asugue, apake, afunge, asiende bafuni kwa wenyewe bila ndara. Akamuuliza kama ana sukari. Anko akasema anayo kidogo. "Basi usijitibu mguu nyumbani, enda kliniki, wewe ngozi yako haiponi upesi." Kabla hajamaliza shangazi aliyekuwa amepiga kelele alishafungua kola kuonyesha shingo, imejaa vinyama vidogo vidogo, alikuwa akivifunga kwa uzi wa kushonea, akaambiwa aache uzi mara moja. Mwingine akaleta mtoto. Dereva wetu wa Proboksi akaja na kidole gumba. Foleni ikazunguka hadi kwenye kahawa, hotuba zikasahaulika, wazee wa Embu na wazee wa Meru wameketi miguu peku wakilinganisha vidole, na kama mnataka kuunganisha koo mbili upesi sijaona njia nyingine ya kushinda hiyo.

Wa mwisho alikuwa Mzee Nyaga. Hakutaka. Walimsukuma. Akavua gambuti polepole, akaonyesha wayo, akasema ni chunjua tu, ameikata kwa wembe mara kadhaa, inarudi. Mama mkwe akaushika ule mguu, akaugeuza kwenye mwanga. Lilikuwa doa jeusi, kingo zimechanganyikana.

"Ilianza lini?"

"Mwaka jana hivi."

"Inatoa damu?"

"Wakati mwingine."

"Inakua?"

Mzee akanyoosha mkono kuchukua gambuti lake.

"Nyaga, usiiguse tena na wembe. Jumatatu tunaenda wote hospitali Embu, mimi na wewe. Usiniambie una kazi." Na hakumwachia mguu mpaka alipoitikia.

Walienda. Madaktari waliitoa na kipande cha ngozi, wakaipima, wakasema ilikuwa ya hatari na amewahi. Alichechemea zaidi baada ya hapo, lakini alikuja kwenye harusi yetu akacheza, na mzee huyo kila akiniona ananishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ile jioni, tukiwa tunaaga, Mzee Ireri alinivuta kando kwenye makadamia. Nikajua sasa ndio nakataliwa. Akasema, "Nimefundisha miaka thelathini na kitu. Mwanafunzi anayedanganya vibaya hivyo hawezi kunisumbua. Nitamjua kila mara." Halafu akaangua kicheko tena, akaondoka akishika mti kwa mti.

Na mama yangu aliketi ndani ya gari, kiondo mapajani, hadi Chuka. Tulipovuka mji akafungua kiondo, akanipa paja la kuku lililofungwa kwa karatasi. Alikuwa ameliiba tangu mchana, alijua hakuna jino linaloniuma.

Basi, nimeapa, na nimeapa mkono ukiwa huru: chunjua ikiniota mkononi nitaitibu kwa maji, kijiwe na subira, nikisoma kichupa mara mbili na kukinusa mara ya tatu. Lakini kitu kikiota usoni, au kikibadilika rangi, au kikitoa damu, sitakuwa na dawa, sitakuwa na uzi wala wembe, nitakuwa na miguu tu ya kunipeleka kwa aliyesomea. Na nikiulizwa na mama yangu nina nini, nitasema nina nini. Hata kama ni upumbavu. Hasa kama ni upumbavu.